Bima ya mstaafu wa Marekani isikomee mpakani

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii inawafaa mno wastaafu wa Marekani ambao, baada ya kufanya kazi miaka arubaini au zaidi, huamua kuugawa uzee wao baina ya nchi mbili: miezi kadhaa Florida au Ohio, na miezi iliyosalia Meksiko, Kosta Rika, Ureno au Thailand. Fimbo yao ni bima ya afya iitwayo Medicare. Nyoka ni maradhi, naye hangoji mtu arejee kwao ndipo amwume.

Safu hii inashikilia kwamba bima ambayo mtu ameilipia kwa jasho la ujana wake yapaswa kumfuata uzeeni popote aendako kihalali, kama vile pensheni yake inavyomfuata. Na maadamu sheria ya Marekani haijalikubali hilo, mstaafu hana budi kuijua mipaka ya kadi iliyo mfukoni mwake kabla hajapanda ndege. Dai hilo na tahadhari hiyo ndiyo mambo tunayokusudia kuyajadili leo.

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini sisi huku? Yatuhusu, tena sana. Wapo Wakenya waliokwenda Marekani kusoma, wakabaki huko kufanya kazi hospitalini, vyuoni na viwandani, na sasa mvi zimewaota. Katiba ya 2010 iliporuhusu uraia wa nchi mbili, wengi wao walipata njia ya kuishi huku na huko bila kuupoteza Ukenya wao. Mzee wa namna hiyo ajapo kukaa miezi mitano Kisii au Nyeri, mbele ya sheria ya Marekani hana tofauti na mstaafu wa Ohio aliyejikalia ufuoni Meksiko. Yaliyompata yule yatampata na huyu.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Medicare iliundwa kwa sheria ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, jimbo la Missouri. Aliuchagua mji huo kwa kuwa ndiko alikoishi Harry Truman, rais wa zamani ambaye tangu 1945 alikuwa amelihimiza Bunge lipitishe bima ya afya ya taifa zima, lakini juhudi zake zikagonga mwamba. Truman, wakati huo mzee wa miaka 81, ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Huduma zenyewe zilianza tarehe 1 Julai 1966, mwaka ule ule ambao Kenya iliunda Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF.

Mpango huo umegawanywa mafungu. Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa muda wa miaka 10, yeye au mwenzi wake wa ndoa, haitozwi ada ya kila mwezi kwa sehemu hiyo, kwa maana ameshailipia. Kodi yenyewe ni asilimia 1.45 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Hii hutozwa ada, ambayo kwa kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi katika mwaka wa 2025. Sehemu D, iliyoanza 2006, ni ya dawa. Mtu hufunguliwa mlango wa kujiunga anapokaribia miaka 65, katika kipindi cha miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye.

Hadi hapo mambo ni mazuri. Taabu huanzia mpakani. Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani ila kwa nadra mno. Hulipa endapo mgonjwa alipatwa na dharura akiwa ndani ya Marekani na hospitali ya nchi jirani ikawa karibu zaidi. Endapo yuko njiani baina ya Alaska na jimbo jingine, akapatwa na dharura akipita Kanada bila kukawia. Au endapo nyumba yake yenyewe iko karibu na hospitali ya ng'ambo kuliko ya kwao. Melini nako hulipa ikiwa chombo hakijapita mwendo wa saa sita kutoka bandari ya Marekani. Puerto Rico, Guam na visiwa vingine vilivyo chini ya bendera ya Marekani huhesabiwa kuwa Marekani. Kwingineko kote, kadi ile ni karatasi tu.

Ajabu ni kwamba pensheni ya serikali, ile iitwayo Social Security, haina woga wa mipaka kama huo. Mstaafu wa Kimarekani aishiye katika nchi nyingi za dunia hupata fedha zake kila mwezi bila kukosa. Kwa hivyo serikali ile ile inayomtambua kuwa mzee wake anapotaka kula, haimtambui anapougua. Apelekewe posho Lisbon, lakini dawa aifuate Boston!

Hali hii humtumbukiza mstaafu katika mtego wa kwanza. Akiwa Ajijic, kando ya Ziwa Chapala huko Meksiko, huitazama ile ada ya Sehemu B inavyokatwa kwenye pensheni yake. Hupiga hesabu akaona kwamba dola 185 mara 12 ni dola 2,220 kwa mwaka, kwa huduma asiyoweza kuitumia pale alipo. Basi huandika barua ya kujitoa, akajiona amepata.

Lakini wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Ajitoaye kwenye Sehemu B kisha akataka kurejea hutozwa adhabu ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokuwa nje, isipokuwa kama muda huo alikuwa na bima ya mwajiri ambaye yeye au mwenzi wake alikuwa bado akimfanyia kazi. Aliyekaa nje miaka mitano huongezewa asilimia 50. Kwa kiwango cha 2025, dola 185 zinageuka dola 277.50 kwa mwezi, na nyongeza hiyo humwandama muda wote atakaokuwa na Sehemu B, yaani aghalabu mpaka kaburini. Isitoshe, mlango wa kurejea haufunguliwi kila siku. Kipindi cha jumla cha kujiandikisha ni tangu tarehe 1 Januari hadi 31 Machi, na bima huanza mwezi unaofuata ule wa kujiandikisha. Akigunduliwa kuwa na saratani mwezi wa Aprili, itamlazimu angoje Januari ndipo aombe, naye saratani haijui kalenda.

Kwa sababu hiyo, shauri letu kwa anayeishi ng'ambo kwa sehemu tu ya mwaka ni moja: Sehemu B asiiache. Aliyehama moja kwa moja, asiyekusudia kurudi katu, anaweza kujipimia mwenyewe. Mwenye miguu miwili katika nchi mbili hana anasa hiyo.

Baada ya hapo ndipo aulize atajikinga vipi katika ile miezi ya ugenini. Njia zipo kadhaa, na kila moja ina tundu lake.

Ya kwanza ni bima ya nyongeza iitwayo Medigap, inayouzwa na makampuni binafsi ili kujaza mapengo ya Medicare. Baadhi ya aina zake, zikiwamo G na N, hulipia dharura ya nchi za nje. Mgonjwa hutangulia kulipa dola 250 kwa mwaka, kisha bima hulipa asilimia 80 ya gharama inayokubalika. Tuchukue mfano. Bili ya hospitali ni dola 20,000. Toa 250, zitabaki 19,750. Asilimia 80 yake ni dola 15,800, ambazo bima italipa. Mgonjwa atabaki na mzigo wa dola 4,200. Si haba. Hata hivyo, lazima dharura iwe imezuka katika siku 60 za kwanza za safari, na jumla ya malipo ya maisha yote haizidi dola 50,000. Akaaye miezi sita ugenini ana kinga ya miezi miwili, na minne iliyosalia yuko uchi. Fauka ya hayo, muda ambao mtu ana haki ya kununua Medigap bila kuulizwa habari za afya yake ni miezi sita tu, tangu awe na miaka 65 na kujiunga na Sehemu B. Ukipita, katika majimbo mengi kampuni inaweza kumkataa mgonjwa.

Njia ya pili ni Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi huchukua nafasi ya Medicare ya kawaida. Baadhi ya mipango hii hulipia dharura za ng'ambo, na matangazo yake hulipigia debe jambo hilo. Yasiyopigiwa debe ni kwamba mpango huwa na eneo lake, na mwanachama akilihama kwa zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida huondolewa. Mstaafu wa nchi mbili anapaswa kuzihesabu siku zake kama mwanafunzi wa bweni ahesabuvyo siku za likizo.

Tatu, kuna bima binafsi, nayo ni ya namna mbili ambazo watu huzichanganya. Bima ya safari ni ya muda mfupi. Nia yake ni kumwokoa mtu katika dharura na kumrudisha kwao. Bima ya kimataifa ni ya mwaka mzima, nayo hulipia hata matibabu ya kawaida kama shinikizo la damu na kisukari. Hapa pana siri moja ifaayo. Makampuni mengi huuza bima inayofunika dunia yote isipokuwa Marekani, na bei yake huwa chini sana kuliko ile inayoijumuisha Marekani, kwa kuwa matibabu ya huko ni ghali. Mwenye Medicare haihitaji ile ya ghali. Nyumbani atatumia Medicare, ugenini atatumia hii. Kasoro ni kwamba makampuni mengi huweka kikomo cha umri wa kujiunga mara ya kwanza, na maradhi yaliyokuwapo kabla ya mkataba aghalabu hayalipiwi, au hulipiwa kwa nyongeza. Ajaye na miaka 76 na moyo uliokwisha pasuliwa atakuta milango mingi imefungwa.

Nne, ipo bima ya nchi mwenyeji. Huko Kosta Rika, mgeni aliyepewa ukaazi hulazimika kuchangia Caja, mfuko wa taifa ulioanzishwa 1941, na kwa mchango huo hutibiwa kama mwenyeji. Meksiko humruhusu mkaazi kujiunga kwa hiari na taasisi ya IMSS, ingawa baadhi ya maradhi sugu ya awali humzuia mtu kuingia. Uhispania humkubalia mkaazi wa mwaka mmoja alipe euro 157 kwa mwezi akiwa na miaka 65 au zaidi, ingawa dawa hujilipia mwenyewe. Thailand imekwenda kinyume: tangu 31 Oktoba 2019 mstaafu anayeomba viza ya aina ya O-A sharti aonyeshe kwamba tayari ana bima. Jambo la kukumbuka ni kwamba milango hii huwafungukia wakaazi wenye hati. Ajaye kwa viza ya utalii, akakaa siku 90 na kuondoka, ataendelea kuwa mgeni, na mgeni hulipa taslimu.

Juu ya hayo yote, kuna ndege ya wagonjwa. Kumrudisha Marekani mgonjwa mahututi, akiwa na daktari na mitambo, kunaweza kuzidi dola 100,000, na Medicare haitoi hata senti kwa safari hiyo. Bima ya kusafirishwa hupatikana kwa bei nafuu, bali mkataba wake usomwe kwa makini: mingi huahidi kumfikisha mgonjwa kwenye hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kumtibu, wala haiahidi kumfikisha kwao.

Na Mkenya wetu wa Kisii je? Kwake zipo njia zote tulizozitaja, na moja zaidi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ambayo mamlaka yake, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inamtaka kila Mkenya ajisajili. Mwenye uraia wa nchi mbili ni Mkenya kamili. Ajisajili mapema, akiwa mzima, kuliko kungoja jamaa zake waanze kuhangaika na vitambulisho vyake mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi. Wala kufanya hivyo kusimshawishi aitupe Sehemu B ya huko alikotoka.

Turudi sasa kwenye dai letu. Watetezi wa sheria ilivyo wana hoja mbili. Ya kwanza ni udanganyifu: Medicare itajuaje kwamba hospitali ya Guadalajara imemtibu mtu kweli, na kwa kiwango kinachofaa? Hoja hii ina uzito, lakini Marekani yenyewe imeshaijibu. Wanajeshi wake wastaafu wana bima ya TRICARE for Life, ambayo hulipia matibabu ng'ambo, kwa sharti kwamba mstaafu awe na Sehemu B. Maveterani hulipiwa matibabu ya nje kwa majeraha na maradhi yaliyotokana na utumishi wao. Watumishi wa serikali ya shirikisho waliostaafu na bima yao ya kazi hulipiwa vilevile. Kama bili ya hospitali ya ng'ambo yaweza kukaguliwa kwa ajili ya kanali, yaweza kukaguliwa kwa ajili ya mwalimu wa shule ya msingi.

Hoja ya pili ni kwamba fedha za Medicare zikusudiwe kubaki nchini. Hapa tutazame Ulaya. Mstaafu Mjerumani ahamiaye Uhispania hupewa hati iitwayo S1. Huipeleka kwa wakuu wa huko, akasajiliwa, akatibiwa sawa na Mhispania, na gharama ikabebwa na Ujerumani, kwa sababu Ujerumani ndiyo iliyopokea michango yake ujanani. Ujerumani haikufilisika kwa hilo. Tena Marekani ingefaidika, kwa kuwa matibabu ya Meksiko au Kosta Rika aghalabu ni nafuu kuliko ya kwao. Mzee anayepanda ndege kurudi Texas ili afanyiwe upasuaji wa nyonga huigharimu Medicare zaidi kuliko ambavyo angeigharimu kama angepasuliwa kule kule aliko. Inakuwaje serikali imlazimishe mtu kutibiwa kwa bei ya juu, kisha ilalamike kwamba hazina inakauka?

Hatusemi mlango ufunguliwe wazi siku moja. Bunge la Marekani lingeweza kuanza na nchi jirani ya Meksiko, likazitambua hospitali chache zilizokaguliwa, na kuweka sharti kwamba malipo yasizidi yale ambayo Medicare ingelipa nyumbani. La sivyo, basi haki itake kwamba anayeishi nje asitozwe adhabu kwa kuacha kulipia kitu ambacho hakupewa. Kumtoza mtu kwa kuwa na bima isiyomfaa, na kumwadhibu kwa kuiacha, ni kumpiga kwa mkono wa kulia na wa kushoto.

Walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii wanaweza kulichukua jambo hili darasani. Hesabu za asilimia zimo, uraia umo, jiografia imo. Lakini limo pia swali zito ambalo kila taifa linaloanzisha bima ya jamii, letu likiwamo, sharti lilijibu: mchango ni wa mtu au ni wa ardhi? Ikiwa ni wa ardhi, basi mzee akivuka mpaka ameacha nyuma jasho lake la miaka arubaini. Ikiwa ni wa mtu, basi haki na imfuate.

Wakati jibu linangojwa, mwenye mjomba au shangazi Marekani anayepanga kurudi nyumbani kwa miezi kadhaa kila mwaka na amwandikie leo. Amuulize mambo matatu: je, Sehemu B yako ingali hai? Bima yako ya nyongeza hulipa siku ngapi ukiwa nje? Na ukizidiwa usiku huku, nani atailipa hospitali? Asipoweza kulijibu la tatu, tiketi ya ndege isubiri.